Noti Iliyokataliwa na Mashine Bado ni Hela

Kuanzia mwezi wa tano, mpunga wa Kyela na Usangu unapoanza kushuka sokoni, foleni za kuweka pesa kwenye benki za Mbeya mjini hurefuka hadi mlangoni. Watu wanakuja na hela kwenye mifuko ya rambo, kwenye mabegi ya mgongoni, wengine wamezifutika kibindoni. Nyuma ya kioo mashine ya kuhesabia noti inanguruma, namba inapanda, kisha ghafla inasimama na noti moja inatemwa. Keshia anaipitisha tena, inatemwa tena, basi anaisukuma chini ya kioo: "Hii mashine imekataa." Mteja anaikunja, anairudisha mfukoni na kutoa nyingine kujazia hesabu.

Kauli hiyo imegeuka hukumu hapa kwetu, na ni hukumu ambayo mashine haijaitoa wala haina uwezo wa kuitoa. Wanaoumia ni walewale kila msimu: wauza ndizi wa Kiwira, wauza viazi wa Umalila, mama lishe, wasukuma mikokoteni, watu ambao hela yao ni ya buku na buku mbili iliyokwishapita mikono mingi kabla ya kufika kwao. Mwenye kuweka vibunda vya elfu kumi vilivyotoka benki nyingine jana yake hasumbuliwi.

Tuanze na mashine yenyewe, maana wengi wetu tunaiona mgongo tu.

Ile rahisi, ambayo siku hizi iko hata kwenye maduka ya jumla ya Mwanjelwa na Tunduma, inahesabu vipande. Magurudumu ya mpira yanavuta noti moja moja kutoka kwenye lundo, kila kipande kinakatiza mwanga, na namba inaongezeka. Kwa dakika moja inapitisha noti elfu moja hivi. Nyingi za aina hii hazitofautishi elfu moja na elfu kumi. Mtu akikuchomekea buku moja ndani ya kibunda cha wekundu, mashine itakuonesha mia kamili, na shilingi elfu tisa zako zimekwenda. Kwa hiyo mwenye duka anayejua kazi huchambua noti kwa mkono kwanza, ndipo anazitia kwenye mashine.

Ya benki ni nyingine. Hii ina macho mengi, yaani vihisio, na noti inapopita kwa sehemu ndogo sana ya sekunde inapigwa picha, inapimwa urefu na upana, inamulikwa kwa mwanga wa urujuanimno na wa infraredi ambao macho yetu hayauoni, inapimwa unene, na kwa noti zenye wino wa sumaku hata sumaku hiyo husomwa. Vipimo vyote hivyo vinalinganishwa na kielelezo kilichomo kwenye programu ya mashine. Noti zetu zinaongezeka ukubwa kadiri thamani inavyopanda, kwa hiyo vipimo peke yake vinaanza kusema ni ipi. Kisha noti inaelekezwa kwenye mfuko wake: safi huku, chakavu kule, zilizoshindikana pembeni. Zikitimia mia, mashine inasimama ili keshia avute kibunda na kukizungushia utepe wa karatasi. Mashine zile kubwa hufunga utepe zenyewe. Vibunda kumi hufungwa pamoja kuwa furushi la noti elfu moja, na furushi hilo ndilo linalosafiri kwenye gari la ulinzi.

Kwenye vituo vya benki kuu za dunia kazi hii imefika mbali zaidi. Kampuni ya Giesecke+Devrient ya Ujerumani, kwa mfano, inatengeneza mitambo inayochambua hadi noti 33 kwa sekunde moja, na mitambo ya daraja hilo inaweza kusaga papo hapo noti iliyochoka bila mkono wa mtu kuigusa tena. Glory ya Japani nayo iko kwenye kaunta za benki nyingi duniani. Kwa hiyo sizungumzii vyombo vya kubahatisha. Ni vyombo vizuri, na ninavyoona mimi, ubora huo ndio unaotufanya tuviamini hata pale ambapo havijasema chochote.

Mfuko wa zilizoshindikana unapokea kila kitu ambacho mashine haikukielewa. Noti mbili zilizogandana zikapita pamoja zinaingia humo. Noti iliyopita kiupande inaingia humo. Yenye kona iliyokunjwa, iliyochanika, yenye doa la mafuta ya alizeti, iliyoungwa kwa selotepu, zote humo humo. Na noti bandia, ikiwapo, nayo inaingia humo. Mashine inachosema ni kwamba kipande hiki hakilingani na kielelezo chake. Sababu inabaki kutafutwa na binadamu, kwa macho na kwa vidole.

Chukua mfano wa shati lililofuliwa na buku tano mfukoni. Karatasi ya noti ni ya pamba, na kawaida yake ni kwamba haing'ai chini ya mwanga wa urujuanimno isipokuwa pale palipowekwa alama kwa makusudi. Karatasi ya kawaida ya dukani, ambayo walaghai huitumia, inang'aa samawati mwili mzima kwa sababu imetiwa kemikali za kuifanya ionekane nyeupe. Sasa sabuni nyingi za unga zina kemikali za jamii hiyo hiyo, ndizo zinazofanya nguo nyeupe ivutie juani. Ukiifua noti kwa sabuni hiyo, pamba inazinywa. Noti iliyotoka Benki Kuu, yenye alama ya maji na uzi wake, inafika kwenye mashine inang'aa kama ya mlaghai. Mashine inaitema, na kwa kipimo chake ina haki. Lakini keshia akiiinua kwenye mwanga ataiona sura ya Mwalimu Nyerere ndani ya karatasi. Akipitisha kidole atahisi mparuzo wa maandishi. Hiyo ni kazi ya sekunde kumi, na ndiyo inayorukwa.

Selotepu ni kisa kingine. Muuza nyanya wa Ilula aliyeunga elfu mbili iliyochanika kwa nia njema kabisa ameongeza unene mahali pamoja. Kihisio cha unene kipo ili kukamata noti mbili zilizopita pamoja, kwa hiyo kinaposoma unene ule kinadhani ni noti mbili na kuikataa. Unyevu nao una yake. Rungwe na Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Hela inayozunguka kwenye soko la ndizi Kiwira asubuhi ya mwezi wa nne inashikwa na mikono yenye utomvu, inafungwa kwenye pindo la khanga iliyolowa, inakaa chini ya mkungu ndani ya Fuso. Pamba inanyonya maji, inalegea, inakunjika. Magurudumu ya mpira yanashindwa kuivuta sawasawa. Hakuna udanganyifu wowote hapo. Ni hali ya hewa ya mahali ambapo chakula cha nchi kinatoka.

Nimemwona mama mmoja kwenye benki moja ya hapa mjini akirudishiwa noti kadhaa za elfu mbili. "Mama, hizi mashine imekataa." Akauliza, kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ni bandia?" Kijana akajibu kwamba hajui, mashine tu imekataa, akamwita aliyefuata. Mama akatoka akiwa ameshika zile noti mbali na hela nyingine, kama mtu aliyebeba kitu kinachoweza kumfikisha polisi. Na kwa kweli angeweza kufikishwa: kuwa na noti bandia huku ukijua ni bandia ni kosa la jinai. Hilo kila mtu sokoni analijua, ndiyo maana jibu la "sijui" ni zito kuliko yule kijana alivyodhani.

Hapa ndipo ninapoona kasoro kubwa kuliko zote. Benki inayoamini noti ni bandia hairuhusiwi na akili ya kawaida kumrudishia mteja akaitumie kwingine. Utaratibu wa kibenki duniani kote ni kuizuia, kuiandika na kuipeleka kwa wenye dhamana. Ikirudishwa mkononi mwa mteja, maana yake benki haiamini kuwa ni bandia. Sasa kama si bandia, ni noti halali iliyochoka au iliyopita vibaya, na noti halali kazi yake ni kupokelewa. Hakuna aina ya tatu ya noti, ambayo si bandia wala si hela. Lakini kila siku kaunta zetu zinaitengeneza aina hiyo na kuiachia mitaani.

Na huko mitaani haina pa kwenda. Mama yule atampa konda wa daladala, konda ataikunjua dirishani na kusema, "Hii haipiti, mama, benki hawaitaki." Atajaribu kwa muuza mchele, atarudishiwa. Mwisho ataipokea mtu mwenye shida kuliko yeye, kibarua aliyelipwa jioni asiye na nafasi ya kuchagua, au itapokelewa kwa pungufu: elfu mbili ihesabiwe buku na jero. Hela ya Serikali inapunguzwa thamani na soko kwa sababu ya kipande cha selotepu. Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 imeipa Benki Kuu peke yake mamlaka ya kutoa noti na sarafu. Haikuyagawa kwa magurudumu ya mpira wala kwa makonda.

Sisemi turudi kuhesabu kwa mkono. Tangu miaka ya 1990 noti yetu kubwa kuliko zote ni ya elfu kumi, na bei hazikukaa pale zilipokuwa. Kila bei inapopanda, lundo la karatasi linakua. Shilingi milioni tano kwa noti za elfu kumi ni vipande 500. Kwa buku mbili, ambayo ndiyo noti ya soko la viazi, ni vipande 2,500, sawa na vibunda 25. Mtu mwenye vidole vyepesi akihesabu noti mbili kila sekunde bila kupumzika atatumia zaidi ya dakika ishirini kwa mteja mmoja, na bado itabidi arudie kuhakikisha. Mashine inamaliza kwa dakika mbili na nusu. Foleni ya msimu wa mavuno isingewezekana bila hiyo. Pia wafanyakazi wa benki ni binadamu. Upungufu ukitokea jioni wao ndio wanaotolewa jasho, na mashine imewakinga na mengi. Kwa hiyo ninaelewa kwa nini keshia anaing'ang'ania. Akipokea noti ambayo mashine imeikataa, na baadaye ikaonekana mbovu, yeye ndiye wa kuulizwa. Akiirudisha, hakuna anayemuuliza. Mfumo umempa kila sababu ya kumsukumia mama yule mzigo, na kumlaumu kijana wa kaunta peke yake ni kukosea shabaha.

Lawama iende kwa wanaopanga utaratibu wa matawi. Kwanza kuna jambo la wapi mashine imegeukia. Kwenye kaunta nyingi skrini ya namba inamtazama keshia. Mteja anasikia mngurumo tu, kisha anaambiwa, "Imepungua elfu nne." Huenda kweli imepungua. Huenda noti mbili ziligandana. Kuna mashine zinazouzwa na skrini ndogo ya pili, ya waya, ya kumwekea mteja mbele yake. Ni kifaa kidogo. Tawi linaloweza kuweka televisheni ukutani ikionesha matangazo ya mikopo siku nzima haliwezi kuniambia limeshindwa kununua hicho.

Zaidi ya hapo kuna uchambuzi wa noti safi na chakavu, ambao wateja hatuuoni kabisa na ndio unaoamua hela ya aina gani inaishi mkoani kwetu. Mashine ya kutolea pesa ukutani inahitaji noti nzuri, ngumu, isiyo na kona zilizokunjwa, la sivyo inakwama. Basi noti bora zinazochambuliwa zinapelekwa huko. Zilizochoka kidogo zinatoka kaunta, kwa malipo madogo na chenji. Zilizochoka kabisa zinapaswa kwenda Benki Kuu zikaharibiwe na nafasi yake kuchukuliwa na mpya. Mbeya tuna bahati ambayo mikoa mingi haina: Benki Kuu ina tawi lake hapa hapa mjini. Noti chakavu ya Tunduma au Tukuyu haihitaji kusafiri hadi Dar es Salaam. Pamoja na hayo, hela inayozunguka kwenye magulio yetu bado ni ile laini kama kitambaa, kwa sababu noti inayorudishwa kwa mteja kwenye kaunta haijaingia kabisa kwenye mnyororo huo. Imegeuziwa mlangoni na kurudi gulioni, na mwezi ujao itakuja tena ikiwa mbaya zaidi.

Benki zina hoja yao na ni ya haki. Kuhifadhi noti chakavu, kuzifunga, kuzilinda na kuzisafirisha kuna gharama, na hela iliyolala kwenye furushi la chakavu haizai. Lakini gharama hiyo ikikataliwa na benki haipotei. Inahamia kwa muuza ndizi, ambaye hana gari la ulinzi wala bima, na ambaye anailipa kwa punguzo la jero kwa kila elfu mbili. Nikiulizwa nani aibebe, jibu langu liko wazi.

Najua kuna watakaosema dawa ni kuachana na karatasi, kila mtu alipe kwa simu. M-Pesa imekuwapo Tanzania tangu 2008, na hata mwuza maembe wa Makambako ana namba ya kulipia. Lakini wakala wa simu naye anapokea karatasi, tena kwa woga kuliko benki, kwa sababu noti mbaya akiipokea ni hasara yake binafsi. Na Julai 2021, Serikali ilipoanza kutoza tozo kwenye miamala ya simu, tuliona jinsi watu walivyorudi haraka kwenye pesa mkononi. Mkulima anayeuza gunia moja na kununua mbolea siku hiyo hiyo anajua hesabu yake. Kule Tunduma ndiyo kabisa: shilingi na kwacha zinabadilishana kwa mkono kando ya barabara, na mashine iliyowekewa vielelezo vya shilingi haitambui kwacha hata kidogo. Karatasi haitatoka Nyanda za Juu Kusini karibuni, kwa hiyo tuiheshimu ikiwa bado ipo.

Kwamba nchi inaweza kulisimamia jambo hili ikiamua, tumeshaona. Kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025 Benki Kuu iliendesha zoezi la kuondoa kwenye mzunguko noti za zamani zilizotolewa kati ya 1985 na 2003 pamoja na noti ya shilingi 500 ya 2010. Watu walivunja vibubu, wakapekua masanduku ya wazee, wakapeleka benki. Noti zilizokaa chini ya godoro miaka ishirini, zenye harufu ya ukungu, zilipokelewa, kwa sababu kulikuwa na agizo na kila keshia alijua la kufanya nazo. Hakuna sababu ya elfu mbili ya sasa iliyolowa mvua ya Rungwe kupata heshima ndogo kuliko noti ya 1985.

Ninachotaka ni kidogo na kinaweza kuanza kabla ya mpunga kuvunwa. Noti ikitemwa, keshia aishike, aiangalie kwenye mwanga na kumwambia mteja sababu kwa kinywa: imekunjwa, imechoka, au ninaitilia shaka. Iliyokunjwa inyooshwe irudi kwenye mashine. Iliyochoka ipokelewe kwa thamani yake yote na iwekwe kwenye fungu la kwenda Benki Kuu. Inayotiliwa shaka izuiwe, iandikwe namba yake, na mteja apewe karatasi inayoonesha imechukuliwa na kwa nini. Isiwepo ya kurudishwa kimya kimya. Na mashine zile za kujiwekea pesa mwenyewe, zinazotema noti saa mbili usiku bila mtu wa kumuuliza, ziandike kwenye skrini sababu hiyo hiyo kwa Kiswahili, kisha zimwelekeze mteja kaunta asubuhi.

Benki Kuu nayo ina nafasi nzuri. Kwenye Nane Nane, pale viwanja vya John Mwakangale, wananchi hufundishwa alama za noti halali, na elimu hiyo ni njema. Iongezwe sentensi moja kwa matawi ya benki zote za kanda: kila mwezi yaripoti mashine zimekataa noti ngapi, na ngapi kati ya hizo zilipokelewa baada ya kuangaliwa na mtu. Hesabu ya zilizokataliwa mashine nyingi zinaitunza tayari kwenye kumbukumbu zake. Inasubiri kuulizwa tu.